Mbegu Namba Saba na Kibuyu cha Ulemo

Meneja Gasper aliponiuliza kama vibuyu vichomwe, nilijibu, "Vichomwe." Alikuwa ameniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia waziwazi kwamba akina mama hawatakubali kama mimi sitakuwa mbele, na kwamba nikikataa ataachana na jambo hilo. Kwa hiyo siwezi kusema nililazimishwa. Nilipewa nafasi ya kukataa nikiwa nimekaa kwenye kiti, na kikombe cha chai mkononi.

Ninawaandikia ninyi mliobaki kwenye maabara yetu ya maziwa pale Ilongero. Mliniomba siku ya kuniaga, na siku ile sikusema lolote la maana. Nilishukuru kwa blanketi nikakaa. Vyeo na mishahara nitaviruka, havikuwa vikubwa kiasi cha kuhitaji hadithi. Nitaanza nilikoanzia, kisha nitarudi kwenye lile neno moja.

Nilifika kiwandani nikiwa na cheti cha kidato cha nne, nikapewa brashi na sabuni. Kazi yangu ilikuwa kuosha keni za alumini zinazoletwa na wafugaji. Wiki ya pili nilikuwa nimeanza kuzinusa kabla ya kuziosha, ili nijue ipi itanisumbua. Siku moja nilisikia mtu nyuma yangu akisema, "Hiyo imefanyaje?"

"Imekaa juani, bibi. Na hii hapa ng'ombe wake ana ugonjwa wa kiwele."

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna. Inanuka tu."

Huyo ndiye Bi Zaituni, mwanamke mfupi wa Singida mjini, mkuu wa maabara, aliyevaa ushungi mweupe chini ya kofia ya kazi. Alinitazama miguu mpaka kichwa. "Una pua wewe. Kesho uje ndani. Lakini ukate hizo kucha, maana ukiingia nazo chumbani kwangu nitakukata mimi, na mkasi wangu haujanolewa."

Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha dogo, beseni la maji ya vuguvugu lenye kipimajoto, friza iliyokuwa ikitetemeka kama mtu mwenye homa, na kichanja cha mbao chenye matundu kumi na mawili ya chupa. Kile kichanja mnacho mpaka leo. Msikitupe.

Siku ya kwanza Bi Zaituni alinieleza kazi yote kwa dakika chache. Mtindi hauji wenyewe. Maziwa yanachemshwa, yanapoozwa mpaka yawe vuguvugu, kisha unatia mbegu, yaani bakteria walio hai tunaowatunza kwenye friza. Hao wanakula sukari ya maziwa, wanatoa uchachu, na maziwa yanaganda. Ukitia mbegu saa moja asubuhi, saa kumi jioni kijiko kinasimama wima. "Kazi yetu," alisema, "ni kuhakikisha kijiko kinasimama. Mengine yote ni maneno."

Mwezi wa tatu kijiko hakikusimama.

Mimi ndiye niliyefungua mfuniko wa tangi saa kumi. Kwa kawaida mvuke wa uchachu hukupiga puani kabla hujaona kitu. Siku hiyo hakikunipiga kitu. Maziwa yalikuwa yamelala kimya, meupe, mepesi, yanang'aa, na uso wangu ulionekana ndani yake ukiwa umetulia kuliko nilivyokuwa mwenyewe. Yalikuwa yamekaa mchana kutwa kwenye joto na yakabaki kama yametoka kwenye chuchu dakika ile ile. Bi Zaituni alichota kijiko akaonja.

"Matamu," alisema, kama mtu anavyotoa habari ya msiba. Kisha akaongeza, "Tuna wageni."

Niligeuka kutazama mlango. Hakucheka. Alikuwa akiwaita wageni wale virusi wanaokula bakteria. Binadamu hawamdhuru; ukinywa yale maziwa utalala salama. Lakini mgeni mmoja akiingia ndani ya bakteria, wanatoka wengi, na kila mmoja anatafuta nyumba ya kuingia. Hawana harufu, hawana rangi, hawafi kwa kupanguswa. Wanasafiri kwenye tone la majimaji ya mtindi, kwenye vumbi, kwenye mvuke, kwenye mkono wa mtu. Na kila mgeni ana mbegu yake anayoijua. Asiyoijua anapita karibu nayo bila kuigusa.

Pua yangu haikuwa na msaada hapo. Ilibidi nijifunze chupa.

Ninyi mnalijua hilo zoezi, lakini nitaliandika kwa atakayekuja baada yenu. Unachukua majimaji ya tangi lililokufa, unayapitisha kwenye chujio dogo linalozuia bakteria na kuruhusu wageni kupita. Unapanga chupa za maziwa, kila moja na mbegu yake, unatia ile rangi ya zambarau, kisha matone machache ya yale majimaji. Unaziweka kwenye beseni na unasubiri. Mbegu inayofanya kazi hugeuza chupa kuwa njano kufikia mchana. Inayobaki zambarau imekufa. Bi Zaituni alikuwa akivuta kigoda akakaa mbele ya zile chupa, na mimi nikasimama nyuma yake. Kuna chupa zilizokuwa zinaanza kugeuka, unaona njano inapanda kidogo kutoka chini, halafu inasimama. Hizo ndizo zilizonitisha zaidi. Unajua kuna kitu kimeingia na kimemaliza kazi wakati unatazama.

Kuhimili peke yake hakutoshi. Mbegu inayowahimili wageni lakini haigandishi ni kama mlinzi asiyelala ambaye pia hafungui geti. Tulitafuta mbegu yenye mambo matatu: ihimili, igandishe kwa wakati, na iwe na ladha. Ukiipata, usiitumie kila siku. Leo hii, kesho nyingine, ili mgeni akija asikute aliyemzoea. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya Bi Zaituni, pamoja na nyingine ndogo: koti la kazi halitoki nje ya mlango, na majimaji ya mtindi hayarudi ndani.

Mwaka ule wageni walimaliza mbegu zetu zote sita. Dereva wa kiwanda ndiye aliyetuambia kuhusu mwanamke mmoja Ulemo, upande wa Iramba, ambaye maziwa yake hayajawahi kukataa kuganda. Tulikwenda na pikapu, asubuhi nzima njiani.

"Shikamoo mama," tulisema wote wawili.

"Marahaba. Karibuni. Mna njaa au mna shida?"

"Shida," alisema Bi Zaituni. "Tunaomba maziwa ya kwenye kibuyu. Kijiko kimoja tu."

"Mmetoka Ilongero na gari la serikali kuomba kijiko?"

"Si la serikali, mama. La kiwanda."

"Gari ni gari. Raheli! Wape kikombe hawa, wasirudi na aibu."

Raheli alikuwa binti yake. Alitoka jikoni na kibuyu cheusi kwa moshi, shingo ndefu, kimefungwa ukanda wa ngozi. Mama yake alitueleza anavyokitunza: kinasuuzwa kwa maji ya moto, kinafukizwa kwa kijinga cha moto mpaka ndani, na maziwa ya jana kidogo hutunzwa pembeni yarudishwe kuyapokea ya leo. Alikipata kwa mama yake, naye kwa wake.

"Na yale ya jana yakiisha?" niliuliza.

"Hayajawahi kuisha."

"Lakini yakiisha, mama?"

Alinitazama kama nimeuliza jua lisipotoka. "Hayajawahi," alisema.

Tulipopima, chupa ya kibuyu iligeuka njano kabla ya saa sita. Tukaongeza wageni, ikageuka njano. Bi Zaituni aliweka majimaji yote ya kila tangi lililokufa aliyokuwa ameyatunza, na bado njano. Alinieleza kwamba ndani ya kibuyu wanaishi bakteria wa aina nyingi pamoja na wageni wao, wamepigana humo tangu wakati wa bibi zake Raheli. Wakifa hawa, wale wanashika kazi. Hakuna anayeshinda na hakuna anayekwisha. Kutoka humo tulitenga mbegu moja nzuri kuliko zote, tukaiita Namba Saba.

Nilirudi Ulemo kuomba kijiko mara nyingine tano. Mara ya tatu yule mama aliniuliza kama kiwandani kwetu hakuna vijiko. Mara ya tano nilikwenda na wazee wa ukoo. Siku ya harusi Raheli alikaa mbele kwenye pikapu akiwa amepakata kibuyu, mama yake akabaki na kingine kipya alichokianzisha kutoka kile. Mimi Mnyaturu, yeye Mnyiramba, na watani wote wa pande mbili walisema nimeolewa na kibuyu. Nilicheka nao. Kilining'inia nyuma ya mlango wa jiko letu, na binti yetu Neema alijua kwamba siku moja kitakuwa chake, kwa jinsi watoto wanavyojua mambo bila kuambiwa.

Bi Zaituni alistaafu akaenda kuishi na wanawe. Siku ya mwisho alinikabidhi kile kichanja. "Saba usiitumie peke yake," alisema. "Na kibuyu cha mkeo kisikauke. Friza ni mashine, ipo siku itachoka." Niliitikia. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nimeanza kuvaa koti jeupe kwenda nalo nyumbani, kwa sababu njiani watu waliniamkia daktari. Na kila jioni nilifunga nyuma ya baiskeli dumu la majimaji tunayoyachuja kwenye mtindi mzito, kwa ajili ya nguruwe wangu wawili. Walinenepa vizuri. Nayaandika haya mawili hapa mapema, muyakumbuke.

Kisha akaja Meneja Gasper. Hakuwa mtu mbaya. Duka moja la mjini lilikuwa limerudisha mtindi kwa sababu mteja alikuta chembe ya mkaa, na mkaa ule ulitoka kwenye kibuyu cha mfugaji fulani. Gasper alitaka kila mwanachama alete kibuyu, apewe keni mpya ya alumini, na apewe chupa ndogo ya Namba Saba kwa ajili ya maziwa ya nyumbani. Kiwandani pia tutumie Saba kila siku, kwa kuwa wateja wameizoea ladha yake.

"Wewe ndiye unayeijua hiyo mbegu," aliniambia. "Ukisema hapana, naacha leo hii."

Ningesema hapana ningekuwa nimerudia tu maneno ya Bi Zaituni. Lakini nilifikiria Namba Saba, mbegu niliyoitenga kwa mikono yangu, ikiwa kwenye kila nyumba kutoka Ilongero mpaka Ulemo. Nilipenda picha hiyo. Nikasema vichomwe.

Nilizunguka na pikapu mwenyewe. Akina mama wa kijiji cha Misigiri walitoa kwa manung'uniko. Ulemo nilifika kwa mama mkwe wangu. Mnajua mkwe na mkwe hawabishani. Hakuniuliza kitu. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu chake, akakiweka chini kati yetu ili mikono isigusane, akaangalia pembeni. Nami nikaangalia pembeni, nikakiokota. Nilijua kabisa kwamba angekuwa ni Gasper amekuja, angemfukuza na mwiko. Nilitumia heshima yake kumnyang'anya, na hilo hakunituma mtu.

Kile cha Raheli nilikichukua asubuhi akiwa shambani akivuna alizeti. Akina mama wangeuliza cha kwangu kiko wapi.

Moto uliwashwa nyuma ya kiwanda, mchana, jua likiwaka. Vibuyu vilipopata joto vilianza kupiga mluzi. Hewa ilikuwa ikitoka kwenye midomo yake, najua, si zaidi ya hapo. Lakini vilikuwa vingi, kila kimoja na sauti yake, vingine vyembamba, vingine vizito, na vilinyamaza kimoja kimoja kadiri vilivyopasuka. Akina mama walisimama na keni zao mpya zinazomeremeta, na hakuna aliyeondoka mpaka mluzi wa mwisho ulipokwisha. Harufu ya maziwa yanayoungua ilikaa kwenye koti langu wiki nzima.

Raheli alirudi akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa jiko.

"Baba Neema, kibuyu kiko wapi?"

"Nimekuletea keni mpya."

"Sijauliza keni."

"Kilichokuwemo kipo, mke wangu. Kipo kwenye friza. Ni hiyo hiyo Namba Saba."

"Mama yangu hana namba," alisema, akaenda kuwasha moto. Hatukugombana. Alitumia keni. Neema alipoolewa, mama yake alimkabidhi keni ya alumini mbele ya watu, nayo ikagonga ukingo wa meza ikalia, na nilimwona Raheli akifumba macho kwa ile sauti.

Miaka mitatu Saba ilifanya kazi bila kosa. Kisha siku moja nilifungua mfuniko saa kumi, na hakikunipiga kitu puani.

Nilizipanga chupa. Saba ilibaki zambarau. Nilitoa Saba nyingine kwenye friza, zambarau. Mbegu nyingine za zamani nilizokuwa nimeziacha bila kuzifufua hazikuamka kabisa. Nilipotoa jalada lenye kumbukumbu za vibuyu ili nirudi kwenye chanzo, nilikuwa nimesahau kwa sekunde kadhaa kwamba chanzo nilikichoma. Niliketi kwenye kigoda cha Bi Zaituni nikiwa na lile jalada mapajani.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Raheli alikuwa akitega maziwa jikoni, jioni yako matamu. Alisugua sufuria, akabadilisha kuni, akabadilisha ng'ombe. Mimi nikaitwa semina Morogoro, wiki mbili. Niliporudi alinipokea mlangoni akiwa na uso wa furaha. "Yameganda," aliniambia. "Tangu ulipoondoka, kila siku." Siku iliyofuata hayakuganda.

Wiki moja baadaye nilimwona akipeleka maziwa yake kwa jirani yetu Mama Shabani, ambako yaliganda. Mama Shabani alifiwa na kaka yake, nikaenda kumpa pole, nikakaa jikoni kwake dakika chache kwa sababu ya mvua. Maziwa yake yakafa jioni ile. Ilongero si mji mkubwa. Ndani ya mwezi mmoja akina mama walikuwa wakinisalimia vizuri, "Shikamoo baba," huku mkono mmoja ukivuta kanga kufunika sufuria. Nikipita njiani na baiskeli nilisikia mifuniko ikifungwa nyumba moja baada ya nyingine, mbele yangu, kana kwamba mtu anatangulia kuwaambia.

"Wanasema una jicho," Raheli aliniambia.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema umesoma. Pima."

Nilipima. Nilisuuza mkono wa koti kwa maji safi, nikayatia kwenye chupa ya kwanza. Ya pili soli za viatu. Ya tatu kofia. Ya nne nywele. Ya tano jalada la kitabu changu cha nyimbo za kanisani. Ya sita viganja vyangu kabla ya sabuni, ya saba viganja baada ya sabuni. Ya nane sikutia kitu ila mbegu. Nikakaa kwenye kigoda. Saa saba mchana ile ya nane ilikuwa njano kama ua la alizeti, na zile saba zilikuwa zambarau, zimesimama mstari mmoja, na kila moja ilikuwa mimi.

Jioni nilipoegesha baiskeli nililitazama lile dumu la majimaji, miaka yote hiyo nikilibeba mgongoni mwa baiskeli na kulimimina kwa nguruwe hatua kumi kutoka jikoni kwa mke wangu. Wageni walikuwa wakizaliana kiwandani na mimi nilikuwa nikiwapeleka nyumbani, nikiwa nimevaa koti jeupe. Na kwa kuwa nilikuwa nimeweka mbegu moja kwenye kila nyumba, hapakuwa na nyumba ambayo hawakuijua. Zamani ningeingia kwenye jiko la mtu na wageni hao hao, na kibuyu chake kingenicheka.

Nilimwambia Raheli yote. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo si jicho," alisema.

"Si jicho."

"Ingekuwa jicho ingekuwa afadhali," alisema. "Mtu wa jicho hajui anachofanya."

Niliwauza nguruwe, nikachoma koti. Mwezi huo mama mkwe aliugua, Raheli akaenda Ulemo kumuuguza. Mgonjwa alikataa uji, akakataa chai. Alitaka maziwa ya kibuyu. Raheli alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

"Baba Neema, nimepata. Kipo kidogo darini, kimefungwa kwenye nguo. Mama alikificha siku ile uliyokuja. Amekuwa akikitilia maziwa kwa siri, na yanaganda."

Nilisema nakuja kesho.

"Usije."

"Raheli, hicho ni cha aina nyingi. Wageni hawakiwezi. Nimeshakueleza."

"Umenieleza. Na Saba ulinieleza. Ukija kikahimili, nitafurahi. Kisipohimili nitakufanya nini?"

Sikwenda. Mama mkwe aliishi siku tisa zaidi akinywa maziwa yake. Kwenye msiba nilikaa nje na wanaume, mbali na nyumba, na nilipotaka kuingia kuaga, shemeji yangu alisimama tu mlangoni kwa adabu zote, mpaka nikaelewa.

Raheli alibaki Ulemo na kile kibuyu, na muda si mrefu Neema alikuja kiwandani na chupa iliyofungwa kwa nguo tatu. "Mama amesema hii ni ya akina mama waliochomewa vibuyu," aliniambia. "Amesema wewe usiifungue." Niliondoka chumbani. Mliifungua ninyi, na ndiyo Namba Kumi na Moja mnayoitumia leo kwa zamu na nyingine tano, na ndiyo sababu kiwanda kipo. Sasa mnajua kwa nini siku ile nilisimama uwanjani nikitazama ukuta.

Nimebaki na rangi kidogo ya zambarau na chupa ya Saba nilivyoondoka navyo siku ya kustaafu, mnisamehe. Juma lililopita nilipima tena: viganja, nywele, viatu, kitabu cha nyimbo, hata kitasa cha mlango wangu. Chupa zote ziligeuka njano kabla ya saa sita. Niko safi. Nilimpigia Raheli nikamwambia.

"Nashukuru kusikia," alisema. Nikasubiri. Nilisikia jiko lake nyuma yake, moto ukilia, na kitu kikitikiswa taratibu, chubu, chubu, chubu. Hakusema karibu.

Kwa hiyo hesabu yenyewe ni hii, niiandike bila mapambo. Neno lile nililolisema nikiwa na kikombe cha chai mkononi lilinigharimu mke wangu. Yu hai, ana afya, anaishi Ulemo kwenye nyumba ya mama yake, na mimi siruhusiwi kuingia humo. Ninaishi Ilongero peke yangu, na chai yangu ninakunywa bila maziwa.